Presha kuka ya umeme lita 6 kwa wanaopika kigenge: makongoro na pweza safi, pilau muiachie sufuria

Nianze na jibu kabisa maana najua kuna watu wanasoma hapa hela iko kwenye simu tayari: nunua, ila ujue unanunulia nini. Hii presha ya umeme ninayoisemea ni zile za lita 6 zilizojaa Kariakoo, kila duka la vyombo ukipita zimepangwa mlangoni, bodi ya silva, vitufe mbele vyenye picha za wali, nyama, maharage na supu, ndani sufuria nyeusi isiyoshika. Jina la kampuni siweki na sio kwa ubaya, ni kwamba nimeiona presha ileile, mfuniko uleule, vitufe vilevile, duka hili ina jina hili duka la mbele ina jina lingine, kwahiyo ukinunua yoyote ya ukoo huo haya nayosema yanakuhusu. Mi nililipa laki na ishirini, muuzaji alianzia laki na hamsini, si mnapajua Kariakoo.

Na niseme mapema naitumiaje, maana mtu anayeishi peke yake geto anachemsha maharage ya wiki nzima ataiona tofauti na mimi. Sisi Tabata tuna kigenge chetu, marafiki wa tangu chuo pamoja na majirani kadhaa, kila mwezi Jumapili moja tunakutana kwa mmoja wetu tunapika. Tunapika kweli, sio ule mtindo wa kila mtu kuja na hotipoti lake mnafunua mnakula mnaaga. Huyu analeta nazi, huyu mchele, huyu kapitia buchani, asiye na kitu analeta mikono yake na anapewa vitunguu vya kumenya, mwisho tunapakua kwenye sinia mbili tunakaa chini mkekani. Vichwa nane, siku nyingine kumi na mbili maana kuna watu hawajui kuja peke yao. Kwahiyo kipimo changu ni hicho, chakula cha watu wengi wenye njaa na midomo mirefu.

Makongoro ndo sehemu hii presha inapata maksi zote. Zamani tukisema leo supu ya makongoro ujue mwenye nyumba ameamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa, masaa matatu manne yanakwenda, unaongeza maji, unaongeza mkaa, moshi umeingia mpaka kwenye mapazia, na bado kuna wakati mnakula mnavutana na mshipa. Kwenye presha nayaosha vizuri, natia tangawizi, kitunguu swaumu, chumvi kidogo, ndimu baadae, nafunga naseti dakika 55. Yanatoka yanaachia mfupa yenyewe na supu nzito inanata midomoni, ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Mwenzetu mmoja ambae kila kitu lazima akitolee kasoro alikunywa akaongeza, akaongeza tena, akasema pilipili haitoshi. Hiyo kwake ni sifa.

Na msidhani ni uvumbuzi wa juzi. Mfaransa mmoja, Denis Papin, ndo alitengeneza ya kwanza, akaionyesha London mwaka 1679, dude la chuma zito mfuniko unabanwa kwa skrubu, na hiyo valvu ya kuachia mvuke ukizidi ni yeye huyohuyo aliiweka. Mwaka 1682 akawapikia waheshimiwa wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, chakula cha jioni humo ndani, na mmoja wa waliokula akaandika kwamba ile mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ilikua laini kama jibini. Sasa mtu asije akaniambia presha ni mambo ya wavivu wa siku hizi, wenzetu walikaa kuila mifupa na marafiki zao zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Siri yake ni ndogo tu. Maji kwenye sufuria ya kawaida hata uchochee vipi yakishafika nyuzi 100 ndo mwisho, ule moto mwingine wote unaondoka na mvuke. Ndani ya presha mvuke hauna pa kutokea, unabana, maji yanapanda mpaka kama nyuzi 115 hivi, na hizo nyuzi za ziada ndo zinamaliza ubishi wa kongoro. Kuna dada kwenye kigenge kwao Njombe, yeye anasema kwao maharage ni kazi ya kutwa, na ana haki, kule juu hewa ni nyepesi maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 tu, unaona yanarukaruka kwenye sufuria kumbe joto lenyewe halijafika. Kama una wazazi Njombe, Makete au Mbeya na unawaza zawadi, na umeme upo, acha blanketi.

Makande sasa. Tunae Mpare wa Same na makande kwake ni mambo ya heshima, akiona mtu anayapika hovyo anaumia kabisa. Yeye ndo alikua mgumu kuliko wote, anasema makande yapikwe kwenye chungu moto wa taratibu. Tukamuachia apike mwenyewe na hii presha, mahindi meupe ya kukoboa na maharage vyote vimelowekwa usiku kucha, dakika 45, halafu akamwaga kwenye sufuria akaunga na kitunguu, karoti, nyanya na tui. Alichosema ni kwamba yameiva sawasawa, hindi na haragwe vimefika pamoja, ila maharage mengine yamepasuka na yeye anapenda yakae mazima. Dawa yake ni kutofungua mvuke kwa haraka. Ukiachia valvu papo hapo maharage yanachachamaa na kupasuka, na povu linaweza kuja mpaka kwenye valvu likakuchafulia ukuta, yaache yatulie yenyewe kama robo saa presha ishuke. Na usijaze, hili nalisema kwa herufi kubwa: maharage na nafaka mwisho NUSU ya sufuria, vitu vingine theluthi mbili. Kwahiyo hizo lita 6 kwenye boksi ukweli wake ni lita 3 za maharage. Kilo moja kavu ndo kikomo chake, inatosha genge letu kama kuna wali pembeni, kama hakuna wali hamtoshi.

Kitu kingine kwenye boksi hawakwambii, ile dakika 30 unayoseti sio dakika 30. Inaanza kuhesabu mvuke ukishajaa, na kujaa kwenyewe ukianza na maji ya baridi ni dakika kumi mpaka kumi na tano, halafu kutulia tena robo saa. Kwahiyo nyama ya ng'ombe wa kienyeji ya dakika 30 iwekee lisaa. Bado ni nafuu sana ila usije ukawaambia watu njooni saa saba ukaanza saa sita na nusu. Tia maji yaliyochemka tayari kwenye birika, unaokoa muda.

Pweza ndo ulinifanya niipende hii mashine. Tulimchukua Feri, soko la samaki la Dar, asubuhi na mapema, kama hamjui Feri nendeni mapema kabla jua halijachachamaa na muende wawili mmoja anajua kupatana, tukamsafisha tukamuweka ndani mzima bila hata tone la maji wala chumvi, vijiko viwili vya ndimu tu na kitunguu swaumu. Ndio, bila maji, pweza anatoa maji yake mengi sana, ukiongeza unapata supu ya pweza na hukuiomba (ingawa supu yenyewe ilinywewa yote na wanaume, sababu wanazijua wao). Dakika 18, tukamkuta laini, kisu kinaingia bila kusukuma. Zile habari za kumpigapiga jiweni hatukuhangaika nazo. Halafu dada wa Tanga akachukua usukani wa nazi, akakuna mwenyewe kwenye mbuzi, hataki habari za tui la kopo, akamuunga pweza kwenye sufuria wazi na tui la pili na bizari, mwisho kabisa tui zito moto mdogo anakoroga upande mmoja. Hapa mnisikie vizuri: tui zito lisiingie kwenye presha hata kwa bahati mbaya. Linakatika, mafuta huku maziwa kule, halirudi. Presha ilainishe, nazi ije baadae nje. Hii ni kwa kila kitu cha nazi, kuku, kunde, maharage, vyote.

Pilau hapana. Nimeshabishana na watu kwenye hili na bado nasema hapana. Kitufe cha wali kipo, kinafanya kazi, wali mweupe wa watu watatu unatoka vizuri tu, lakini pilau la watu kumi kwenye hiyo sufuria linatoka chini tope juu limeshikana, punje haina uhuru, na ule mwonekano wa pilau kumwagika kwenye sinia kila punje kivyake usahau kabisa. Halafu hakuna ukoko. Jamani kwetu ukoko unagombaniwa, kuna mtu anakuja kwa ajili ya ukoko na hajifichi. Tunachofanya ni hivi, nyama na viungo vizima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tunavimalizia kwenye presha, ile supu yake ndo tunapikia mchele kwenye sufuria kubwa nje kwenye mkaa, ikikauka tunapalia makaa juu ya mfuniko kama kawaida. Nyama imeiva kuliko ilivyowahi kuiva na pilau limebaki pilau. Mkaa wenyewe unaenda kidogo sana maana zile saa mbili za kuchemsha nyama hazipo tena.

Nilichokua sikutegemea ni jinsi inavyobadilisha watu jikoni. Presha ikishafungwa imefungwa, hakuna kufunua, hakuna kuonja. Kwenye kigenge chenye wapishi sita kila mmoja bingwa hii ni amani kubwa, maana zamani chumvi ilikua inaongezwa na kila anayepita karibu na sufuria, huyu kaonja kaona haijakolea, yule nae hivyohivyo, mkija kula ni bahari. Sasa hivi mnakubaliana viungo kabla ya kufunga, wanabishana kwanza, wakishafunga wanaondoka wote wanaenda kukatakata kachumbari, kucheza karata, kuchambana. Mtoto akilia mtu anaenda. Kwa upande mwingine ule umbea wa kuzunguka jiko la mkaa kutwa nzima umepungua, kuna mmoja wetu analilalamikia hilo kabisa, anasema chakula kinaiva kabla hajamaliza kuhadithia. Na waliozoea kuja saa tisa wakijua chakula saa kumi sasa wanakuta tunaosha vyombo. Mi hilo siliiti kasoro.

Wale waoga wa mlipuko nawaelewa, kila mtu ana shangazi aliyewahi kusimulia presha iliyoruka ikagonga dari. Hizi za umeme zina kufuli, mvuke ukiwepo mfuniko haufunguki hata utumie nguvu, na kuna kipini kidogo kinapanda na kushuka kukuonyesha kama presha bado ipo. Usikilazimishe kushuka. Ukiachia mvuke tumia mwiko mrefu, uso weka mbali, na usiiweke chini ya kabati la mbao maana ule mvuke unaenda moja kwa moja juu. Kile kitundu cha ndani ya mfuniko kisafishe kila unapomaliza, punje moja ya wali ikikwama pale ndo mwanzo wa matatizo. Mara ya kwanza inavyopiga ule mluzi wa kuachia mvuke watu wangu walikimbilia uani, nao sasa wanaiona ya kawaida.

Umeme, swali ambalo kila mtu anauliza wa kwanza. Watu wamekariri kwamba kupika kwa umeme kunamaliza Luku, hiyo ni jiko la koili, hii ni kitu kingine. Ina wati 1,000 lakini haili wati 1,000 muda wote, ikishajaa mvuke inazima, inawaka kidogo kushikilia joto, inazima tena, na bodi yake imezuia joto lisitoke. Maharage yaliyolowekwa nimeyaangalia kwenye mita hayafiki nusu uniti. Kwa sisi tunaolipa bei ya kawaida ya nyumbani, uniti ni shilingi 356 kodi zikiwemo, hiyo ni chini ya shilingi mia mbili kwa chungu cha maharage, na wale wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wanaolipa 122 hata sijui wanasubiri nini. Mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo kwa bei za Dar sasa hivi huupati kwa mia mbili, labda ukaombe kwa jirani. Serikali nayo ilizindua ule mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi wa tano 2024, lengo asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, sasa mazungumzo mengi yameenda kwenye mitungi ya gesi wakati hii kwa vitu vya kuchemka muda mrefu kwangu naona inaishinda gesi kwa bei. Kwa ugali, chapati, kukaanga, hapo gesi haina mpinzani, presha hii haikaangi, hicho kitufe cha kukaangia ni mapambo, kitunguu kinachemka badala ya kuwa brauni.

Kukatika je? Tangu Bwawa la Nyerere lianze kutoa zile megawati zake 2,115 hali imekua afadhali ila huku mtaani nguzo na transfoma ni zilezile, mvua ikipiga unajua. Umeme ukikatika katikati usifungue, joto linabaki muda mrefu na chakula kinaendelea kuiva chenyewe, nyama tuliyokatikiwa ikiwa imebaki na dakika kumi tuliikuta imeshaiva. Ila ikirudi haikumbuki ilikua wapi, inakaa tu inakuangalia, unaseti upya.

Kasoro zake sasa, maana sijalipwa na mtu. Ule mpira wa kwenye mfuniko unashika harufu vibaya sana, pika makongoro leo kesho upike wali utasikia kongoro kwenye wali. Tunauvua tunauloweka kwenye maji ya ndimu na baking powder, inapungua, haiishi. Ukipata duka wanalouza mipira ya akiba chukua wa pili kabisa, mmoja wa nyama mmoja wa vingine, na hakikisha ni wa saizi ya presha yako. Ile sufuria ya ndani ni nyepesi na ile rangi nyeusi inachubuka ukitumia mwiko wa chuma au steelwire, na kwenye kigenge huwezi kumlinda kila anayejitolea kuosha vyombo, ya kwangu imeshachorwa. Plagi iliyokuja nayo ni ya miguu miwili ya duara, ikabidi nitafute adapta, na adapta za bei rahisi zinapata moto, bora fundi akukatie akuwekee plagi ya miguu mitatu. Ekstensheni za elfu tano msithubutu, chomeka ukutani. Kuhusu waranti, dukani waliniandikia mwaka mmoja kwenye risiti, taa ya kitufe kimoja ilivyokufa nikarudi nikaambiwa waranti haihusu taa. Haya.

Kwahiyo ukienda kuchukua, mwambie muuzaji akufungulie boksi, shika sufuria ya ndani upime uzito wake, nzito ndo nzuri, kagua mpira hauna mkunjo, hakikisha kipini kinacheza juu chini, na omba aichomeke uone vitufe vyote vinawaka kabla hujatoa hela. Na kama mko zaidi ya watu kumi chukueni ya lita 8 moja kwa moja, tofauti ya bei ni kama elfu thelathini hamtaijutia, sisi kwa hii ya 6 makongoro ya watu kumi na mbili tunapika awamu mbili na awamu ya kwanza inaishia kwenye "kuonja". Yule Mpare kanunua hiyo ya 8 wiki iliyopita, kimyakimya bila kumwambia mtu, kwahiyo Jumapili ijayo tunapikia kwake na kashatuma ujumbe kwamba chungu pia kitakuwepo.